Maswali ya Wasomaji: Isabella wa Buchan Alikuwa Binti wa Nani?

SWALI: Shikamooni. Nimesoma habari za Isabella, mke wa Earl wa Buchan, aliyemkalisha Robert Bruce kwenye kiti cha ufalme wa Uskoti mwaka 1306, kisha Waingereza wakamfungia ndani ya kizimba. Kitabu kimoja kinasema baba yake alikuwa Earl Donnchadh wa Fife. Kingine kinasema ni Earl Colbán. Nilipoangalia nikakuta hao wawili ni mtu na babake! Nimwamini nani? — *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Swali lako ni gumu kweli, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Tuanze kwa kuwapanga wahusika, maana ukikosea mpangilio wa vizazi hapa, yote yanayofuata yataharibika.

Earl ni cheo cha mkuu wa jimbo. Earl wa Fife alitangulia kwa heshima kati ya wakuu wote wa Uskoti, na ukoo wake, MacDuff, ndio uliokuwa na haki ya kumkalisha mfalme mpya kitini pale Scone. Malcolm II alishika Fife kuanzia 1228 hadi 1266. Akafuata mwanawe Colbán, ambaye hakudumu: alifariki 1270 au miaka miwili hivi baadaye. Tarihi ya John wa Fordun inasema Colbán aliacha mtoto wa kiume, Donnchadh, mwenye umri wa miaka minane. Mtoto huyo ndiye Donnchadh III. Alikua, akawa mmoja wa Walinzi sita wa ufalme mwaka 1286 baada ya kifo cha Mfalme Alexander III, na akauawa na jamaa zake mwenyewe mwaka 1289 (wengine huandika 1288). Mkewe alikuwa Johanna de Clare, binti wa Gilbert de Clare, Earl wa Gloucester na mmoja wa mabwana wakubwa kabisa wa Uingereza. Mwana wao, naye Donnchadh, wa nne, alizaliwa karibu na kifo cha baba yake. John Balliol alipotawazwa kuwa mfalme wa Uskoti tarehe 30 Novemba 1292, Earl huyo alikuwa bado mtoto mdogo, ikabidi John de St John asimame kwa niaba yake.

Mwaka 1306 Donnchadh IV alikuwa kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba hivi, yuko mikononi mwa Waingereza. Isabella alikuja Scone kuitimiza haki ya ukoo kwa sababu kijana hayupo. Kwa hiyo swali lako linaweza kuulizwa kwa ufupi zaidi: Isabella alikuwa *dada* yake au *shangazi* yake? Akiwa dada, baba ni Donnchadh III. Akiwa shangazi, baba ni Colbán.

Sasa tuwaite mashahidi mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Walter wa Guisborough, padri wa nyumba ya watawa huko Yorkshire, aliyeandika katika zama zilezile. Anasema mke wa Earl wa Buchan alikuwa binti wa Earl wa Fife, kwamba haki ya kumvika mfalme taji ilikuwa ya urithi, na kwamba alimtoroka mumewe akaondoka na farasi wake wa vita. Ushahidi mzuri, ila una tundu moja kubwa: binti wa Earl wa Fife *yupi*? Kati ya 1228 na 1289 walipita watatu. Walter hakutaja jina, na wengi wanaomnukuu hulijaza wao wenyewe bila kusema kwamba wamelijaza.

Wa pili ni tarihi nyingine za Kiingereza zinazomwita Earl kijana *kaka* yake Isabella. Hapa ndipo hoja ya Donnchadh III inapopata nguvu yake kubwa. Lakini kuwa mwangalifu na hesabu. Waandishi wa tarihi walikuwa wakinakiliana, mara nyingine neno kwa neno, na ukikuta sentensi moja katika tarihi tatu usihesabu mashahidi watatu. Mhesabu yule wa kwanza tu.

Wa tatu ni Sir Thomas Gray, mwanajeshi aliyeanza kuandika akiwa mfungwa katika ngome ya Edinburgh mwaka 1355. Ni nusu karne baadaye, na maelezo yake yamewachanganya wengi. Anasema Isabella alimtawaza mfalme kwa sababu *mwanawe* hakuwapo, alikuwa akikaa kwenye shamba lake la Whitwick karibu na Leicester. Kuna watu waliosoma hapo wakamtungia Isabella mtoto wa kiume. Usifanye hivyo. Whitwick ilikuwa mali ya akina Comyn wa Buchan, waliyoipata kupitia mama wa Earl John, Elizabeth de Quincy. Mtu wa kukaa Whitwick ni John Comyn mwenyewe, yaani mumewe. Kalamu iliteleza, ya Gray au ya mnakili wake. Na sentensi iliyoteleza kwenye neno “mwana” haifai kutumiwa kuthibitisha undugu mwingine wowote.

Baada ya mashahidi, hesabu ya miaka. Chukua karatasi, andika mwaka wa mapema kabisa na wa mwisho kabisa anaoweza kuzaliwa mtu, kwa kila nadharia.

Akiwa binti wa Donnchadh III: baba alizaliwa karibu 1262. Wazazi wa Johanna walioana 1253 na dada yake mkubwa alizaliwa 1262 au 1263, basi Johanna hakuzaliwa kabla ya hapo. Sheria ya Kanisa ilimruhusu msichana kuolewa akifika miaka 12 na mvulana kuoa akifika 14. Hata ukibana kiasi gani, mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo haji kabla ya 1278 hivi, na wa mwisho ni 1289 au mwanzoni mwa 1290. Isabella wa namna hii alikuwa na miaka kati ya 16 na 28 siku ya Scone.

Akiwa binti wa Colbán: lazima awe alizaliwa kabla ya 1273. Huyu alikuwa na miaka 33 au zaidi.

Unaona pengo? Nadharia hizi mbili hazigusani hata kwa mwaka mmoja. Hati yoyote inayoonyesha Isabella ameolewa tayari mwaka 1288 ingemwondoa Donnchadh III karibu kabisa. Hati inayomtaja kuwa bado hajatimiza umri mwaka 1295 ingemwondoa Colbán. Hicho ndicho kitu cha kutafuta. Kusoma tena Guisborough kwa mara ya ishirini hakutaongeza lolote.

Kuna hoja ya majina pia. Jina Isabella limejaa upande wa Johanna: dada yake aliitwa hivyo, na mama wa babu yake alikuwa Isabel Marshal. Hoja hii inaegemea upande wa Donnchadh III, lakini ni ya kuongezea uzito tu. Jina hilo lilikuwa kila mahali karne hiyo.

Kwa maoni yetu, Donnchadh III na Johanna de Clare ndio wazazi wanaoelekea zaidi, kwa sababu ya neno “kaka”. Hatusemi imethibitishwa. Mtu anayeweka Colbán na kueleza sababu zake hajakosea; amekosea anayeweka jina moja kana kwamba kuna cheti.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wengi huliruka. Kama mama yake ni Johanna, basi Isabella na Mfalme Robert walikuwa damu moja. Bibi yake Robert upande wa baba alikuwa Isabel de Clare, binti wa Gilbert de Clare aliyefariki 1230. Hesabu kutoka kwa Gilbert huyo: Isabel, Robert baba, Robert mfalme. Upande wa pili: Richard, Gilbert wa pili, Johanna, Isabella. Vizazi vitatu upande mmoja, vinne upande mwingine. Tangu Mtaguso wa Laterano wa 1215, ndoa ilikatazwa hadi daraja la nne, yaani vizazi vinne kutoka kwa babu wa pamoja, kwa hiyo hawa wangekuwa ndani ya katazo. Hesabu hii haituthibitishii kitu kwa Isabella, lakini ndiyo hesabu utakayoihitaji kila unapokutana na ruhusa ya Papa ya ndugu kuoana.

SWALI: Kama alikuwa mtu mkubwa kiasi cha kumtawaza mfalme, mbona hakuna cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa? — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Vitabu vya ubatizo na ndoa havikuwapo Uskoti zama hizo. Cha zamani zaidi kilichobaki ni cha parokia ya Errol, kinachoanzia 1553. Kabla ya hapo, nasaba iliandikwa pale tu mtu alipohitaji kuithibitisha, na karibu kila mara sababu ilikuwa ardhi.

Mtazame Dervorguilla wa Galloway. Hakuna anayebishana kuhusu wazazi wake: Alan wa Galloway, na Margaret, binti mkubwa wa David, Earl wa Huntingdon. Kwa nini tuna uhakika? Kwa sababu mwanawe, John Balliol, alidai ufalme wote wa Uskoti mwaka 1291 na 1292 kupitia yeye, na kila ngazi ya nasaba hiyo ilisomwa mbele ya wanasheria na wapinzani wenye nia ya kuivunja.

Isabella hakuacha mtoto. Mumewe alipofariki 1308, warithi wake walikuwa Alice na Margaret, mabinti wa kaka yake. Fife nayo ilikuwa na mrithi wake wa kiume, hai. Hakuna mtu hata mmoja aliyepata kusimama mbele ya baraza na kusema, “Mimi nadai hiki kwa kuwa Isabella alikuwa binti wa fulani.”

Na tazama hati inayomhusu yeye mwenyewe kwa karibu kuliko zote, agizo la Mfalme Edward I la Novemba 1306. Limeandikwa kwa Kifaransa. Linaamuru kijengwe kizimba ndani ya mnara mmoja wa ngome ya Berwick, cha fito za mbao zilizopishanishwa na kukazwa kwa chuma. Awekewe choo cha staha. Ahudumiwe na mwanamke mmoja au wawili Waingereza wa mji wa Berwick, wasiotiliwa shaka. Asiruhusiwe kuzungumza na Mskoti. Karani aliandika habari za choo, na hakuandika baba. “Mke wa Earl wa Buchan” ilimtosha. Alikaa hivyo hadi 1310, alipohamishiwa kwa watawa Wakarmeli wa mji huohuo. Mwaka 1313 alikabidhiwa kwa Henry de Beaumont, mume wa yule Alice, na baada ya hapo hatajwi tena.

Juu ya hayo, kumbukumbu za Uskoti zimepata misiba. Edward I alizichukua London mwaka 1296. Nyingine zilichukuliwa zama za Cromwell, na ziliporudishwa mwaka 1660 meli iliyoitwa Elizabeth ilizama na mapipa 85 ya nyaraka.

SWALI: Nataka kutafuta mwenyewe. Nianzie wapi bila kusafiri hadi Uskoti? — *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Anzia kwenye hifadhidata ya *People of Medieval Scotland*, ambayo ni ya bure mtandaoni na inahusu watu waliotajwa katika hati za kati ya 1093 na 1371. Usitafute “Isabella MacDuff”. Hilo ni jina la vitabuni. Karani wa 1306 hakuwa na haja nalo. Tafuta kwa cheo cha mume, kisha kwa jina la Isabella peke yake, kisha fungua ukurasa wa kila mwanamume wa ukoo wa Fife na usome orodha ya mashahidi waliotajwa pamoja naye. Mara nyingi mume wa binti huonekana hapo kati ya mashahidi miaka kadhaa kabla hajatajwa kuwa mkwe.

Baada ya hapo nenda kwenye mikusanyo minne ya Joseph Bain iliyochapishwa 1881 hadi 1888, yenye muhtasari wa nyaraka za Uskoti zilizoko London. Nayo inapatikana bure. Lakini kumbuka ni muhtasari, tena wa Kiingereza. Neno la undugu ndilo rahisi kupotea au kubadilika katika ufupisho, na wewe ndilo unalolifuata. Ukiona mstari unaokufaa, andika namba ya hati na uitafute yenyewe. Maombi yaliyopelekwa kwa mfalme yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, kundi la SC 8, na picha zake unaweza kuzipakua. Wajane waliandika maombi mengi sana: kuhusu sehemu yao ya mali ya marehemu, kuhusu kulazimishwa kuolewa, kuhusu watoto wao walioko chini ya uangalizi wa wengine. Anza na wajane.

Usisahau lakiri. Mwanamke wa tabaka hili alikuwa na muhuri wake, na mara nyingi ulibeba ngao ya mume na ngao ya baba. Ngao ya Fife ni simba mwekundu aliyesimama juu ya dhahabu. Ya Comyn wa Buchan ni miganda mitatu ya dhahabu juu ya buluu. Ya Clare ni mishipi mitatu myekundu iliyokunjwa kama paa la nyumba, juu ya dhahabu. Muhuri wa Isabella wenye simba peke yake usingetatua chochote, maana Colbán na Donnchadh wote ni wa simba. Ukiwa na mishipi ya Clare, mjadala umekwisha.

SWALI: Kwenye hati za Kilatini nakutana na *nepos*, *avunculus*, *amita*. Kamusi za Kiingereza zinanipa neno lilelile kwa vitu tofauti. — *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Weka kamusi ya Kiingereza pembeni, Kiswahili kitakusaidia zaidi. *Amita* ni shangazi, dada wa baba. *Matertera* ni mama mdogo au mama mkubwa. *Patruus* ni ami, yaani baba mdogo au baba mkubwa. *Avunculus* ni mjomba. Kiingereza kimewachanganya wanne hawa katika maneno mawili, na nasaba nyingi zimehamia ukoo mwingine kwa sababu mtafsiri alimgeuza mjomba kuwa ami. Waandishi wa karne ya kumi na tatu hawakuwa makini siku zote, hasa kwa *avunculus*, lakini ukikuta *matertera* au *patruus*, mwandishi alijua anachosema.

*Nepos* ndilo lenye hatari. Linaweza kuwa mpwa, linaweza kuwa mjukuu. Usiamue kwa hisia. Pima umri wa wote wawili kwanza. *Consanguineus* na *cognatus* yachukue kama neno letu “ndugu” linapotumika kwa upana: kuna damu, hujui ipi. *Gener* ni mkwe aliyemwoa binti yako, ila mara nyingine limetumika kwa aliyemwoa dada yako. *Frater* nalo linaweza kuwa shemeji, au mtawa. Ndiyo maana hata ile “kaka” ya Isabella tumeipa uzito mkubwa lakini hatukuipa kura zote.

SWALI: Hati moja inasema John Comyn wa Badenoch (si yule wa Buchan, mume wa Isabella) aliuawa Dumfries Februari 1305, vitabu vyote vinasema 1306. Nani kakosea? — *Msomaji, Arusha*

JIBU: Hakuna aliyekosea. Kwa makarani hao mwaka mpya ulianza 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Tarehe 10 Februari ilikuwa bado ndani ya 1305 yao, na sisi tunaiita 1306. Robert Bruce alitawazwa tarehe 25 Machi, yaani siku ya kwanza kabisa ya mwaka. Isabella alichelewa kufika, na sherehe ya pili inaelezwa kufanyika Jumapili ya Matawi, tarehe 27. Andika “1305/6” kwenye daftari lako kwa tarehe zote za kati ya 1 Januari na 24 Machi, la sivyo utajikuta na mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wake.

Nyaraka za Kiingereza huhesabu pia kwa miaka ya mfalme. Ya Edward I huanza 20 Novemba 1272. Mwaka wake wa 34 ni kuanzia 20 Novemba 1305 hadi 19 Novemba 1306. Agizo la kizimba la mwanzoni mwa Novemba linaangukia mwaka wa 34. Wiki mbili baadaye lingekuwa la 35.

SWALI: Kuna chati mtandaoni inayosema mke wa kwanza wa Robert Bruce, Isabella wa Mar, alikuwa mjukuu wa Llywelyn Mkuu wa Wales kupitia binti yake Helen, na kwa hiyo familia ya kifalme ya Uingereza leo inatoka kwa Llywelyn kwa njia hiyo. Ni kweli? — *Msomaji, Muscat*

JIBU: Chati hiyo imezagaa sana, na imeunganisha vipande viwili ambavyo havikai pamoja. Dai lenyewe ni hili: Helen binti Llywelyn aliolewa na Malcolm II wa Fife, akawa mjane mwaka 1266, akaolewa na Domhnall, Earl wa Mar, akamzaa Isabella.

Tunamjua binti wa Llywelyn mwenye jina hilo, Elen. Aliolewa mwaka 1222 na John wa Uskoti, ambaye baadaye alikuwa Earl wa Chester na alifariki 1237. Kisha Elen akaolewa na Robert de Quincy. Naye Elen alifariki 1253. Mtu aliyekufa 1253 hawezi kuwa mjane wa mtu aliyekufa 1266. Huyo mwondoe.

Wanaotetea dai husema basi ni binti mwingine. Llywelyn alikuwa naye Susanna, aliyewekwa chini ya uangalizi wa Nicholas de Verdun na mkewe mwaka 1228, na wengine humpendekeza yeye. Lakini jina si Helen. Tena hesabu inabana: mke wa Llywelyn, Joan, alifariki 1237, na Isabella wa Mar kwa kawaida huwekwa kuzaliwa karibu 1277. Binti yeyote wa Joan alikuwa ametimiza miaka 40 hapo. Inawezekana, ndiyo. Ila ukihitaji jina libadilike *na* mama azae ana miaka 40 na zaidi ili chati isimame, chati hiyo imeegemezwa kwenye matumaini. Isabella ni binti wa Domhnall wa Mar: hilo liandike kwa wino. Nafasi ya mama iache wazi.

SWALI: Kwani DNA haiwezi kumaliza haya? — *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hapa haiwezi. Isabella wa Buchan hakuacha kizazi, na kaburi lake halijulikani. Richard III alitambuliwa baada ya mifupa yake kufukuliwa Leicester mwaka 2012 kwa sababu mifupa ilikuwapo na kulikuwa na watu walio hai wa mstari usiokatika wa kike kutoka kwa dada yake. Vyote viwili vinahitajika. Kipimo cha mate unachonunua leo hakifiki karne ya kumi na nne; urithi wa babu mmoja huyeyuka ndani ya vizazi kumi hivi, na hapa tunazungumzia zaidi ya ishirini.

SWALI: Nimewaelewa kuhusu Isabella, lakini programu yangu ya kuchorea ukoo inadai jina la baba. Niweke nini? — *Msomaji, Morogoro, tena*

JIBU: Karibu tena. Usiweke jina la Donnchadh kisha ukaandika “huenda” kwenye sanduku la maelezo. Ukituma chati kwa mwingine, maelezo hubaki nyuma na jina husafiri peke yake. Ndivyo Helen wa Wales alivyofika kwenye chati ya ndugu wa Muscat.

Muunge Isabella na ukoo, usimuunge na mtu. Karibu kila programu inaruhusu kufungua mzazi asiye na jina: mwite “Earl wa Fife (Colbán au Donnchadh III)”, bila tarehe, na umtundike chini ya Malcolm II kwa mstari wa nukta. Malcolm ni babu kwa nadharia moja na baba wa babu kwa nyingine, kwa hiyo ukoo uko sahihi vyovyote iwavyo. Sehemu ya mama iache tupu; Johanna de Clare anaingia tu ikiwa Donnchadh ameingia. Kwenye tarehe ya kuzaliwa andika “si baada ya 1290”. Na kwenye jina lake mwenyewe ongeza “mke wa John Comyn, Earl wa Buchan”, ili asichanganywe na Isabella mwingine wa Fife, binti wa Donnchadh IV, aliyeolewa mara nne na kumwachia Robert Stewart haki ya jimbo hilo mwaka 1371. Tumeona chati ambamo wanawake hao wawili wamekuwa mtu mmoja, mwenye waume watano na umri wa zaidi ya miaka mia.